Walimuuza Straika Wao Bora Zikiwa Zimebaki Siku Mbili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kabla ya kuanza

Jina la klabu, nchi, mwaka na mchezaji vimeondolewa, na baadhi ya takwimu zimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Fedha nazo hazikutajwa kwa sarafu. Bajeti ya mishahara ya kikosi cha kwanza kwa mwaka mmoja nimeiita 100, na kila kiasi kingine kinapimwa kwa hiyo. Ukisoma kwamba mchezaji alinunuliwa kwa 12, maana yake ni asilimia 12 ya mishahara ya mwaka mzima. Kwa kisa cha namna hii kipimo hicho kinasema mengi kuliko mamilioni, kwa sababu ada ambayo klabu tajiri inaiona vijisenti inaweza kuwa uhai wa miaka miwili kwa klabu nyingine.

Mashabiki wa klabu hii wamebishana miaka kadhaa kama ilikuwa sahihi kumuuza. Nikisoma kumbukumbu za vikao, naona swali hilo lilikuwa na jibu jepesi. Lililowashinda ni lini wamuuze, na wawe wamejiandaa vipi siku wanapouza.

Usuli

Ni klabu ya ligi kuu ambayo kwa miaka kumi ilikuwa ikizunguka kati ya nafasi ya sita na ya kumi na mbili. Haikuwa na madeni ya kutisha, lakini kila msimu, kabla ya kuuza mchezaji yeyote, ilikuwa na nakisi ya kama 15. Mmiliki ndiye aliyekuwa akiiziba. Mwaka wa kisa hiki alikwishaiandikia bodi kwamba msimu unaokuja hatatoa zaidi ya 5.

Straika alisajiliwa akiwa na miaka 22 kutoka daraja la pili la nchi nyingine, kwa ada ya 12 na mkataba wa miaka minne. Ili bei ishuke, walikubali kwamba akiuzwa tena, klabu iliyomlea ipate asilimia 15 ya faida. Kifungu hicho kilisema pia kwamba malipo yafanyike yote kwa mkupuo ndani ya siku 30 baada ya uhamisho. Hakuna aliyekisoma tena kwa miaka minne.

Misimu miwili baadaye aliongezewa mkataba wa miaka minne kwa mshahara wa 6, akawa anayelipwa zaidi kikosini. Aliyemfuata alikuwa na 5. Kwa vitabu vya klabu, ada ya 12 ilikuwa ikigawanywa kwa miaka ya mkataba, hivyo ilipofika Juni ya kisa hiki thamani yake iliyobaki vitabuni ilikuwa 3 tu. Alikuwa na miaka 26 na mkataba wa miaka miwili mbele yake.

Msimu uliokuwa umeisha ulikuwa bora kuliko yote aliyowahi kucheza. Timu ilifunga mabao 52, yeye peke yake 21, matano kati ya hayo kwa penalti. Walimaliza nafasi ya sita kwa pointi 58 na kupata nafasi ya kucheza raundi za mchujo za mashindano ya bara. Kuingia hatua ya makundi kungewaletea mapato ya kama 30.

Mambo yalivyofuatana

Oktoba, msimu ukiwa bado mchanga na straika akiwa na mabao manne, wakala wake aliomba mazungumzo. Alitaka mshahara upande kutoka 6 hadi 11, na mkataba mpya uwe na kifungu cha kumwachia mchezaji kwa yeyote atakayeleta 60. Klabu ilikataa yote mawili. Mshahara ungevuruga ngazi ya malipo ya kikosi kizima, na 60 ilionekana ndogo.

Januari klabu moja kubwa iliulizia. Jibu likawa kwamba hauzwi. Februari klabu ikarudi kwa wakala na mshahara wa 10. Wakala alikaa wiki mbili bila kujibu, kisha akasema mteja wake atazungumza msimu ukiisha. Yeyote aliyewahi kukaa meza moja na wakala anajua maana ya jibu hilo.

Juni ikaja ofa ya kwanza: 55, lakini za uhakika zilikuwa 35 na zilizobaki zilitegemea mataji na idadi ya mechi. Ilikataliwa siku hiyo hiyo. Katikati ya Julai ikaja ya pili: 70 za uhakika, kwa awamu tatu. Straika alikwenda mwenyewe ofisini kwa kocha akasema anataka kuondoka. Hakugoma, hakukosa hata zoezi moja, na jambo hilo lilimjengea heshima kubwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Bodi ilikutana na kuamua isubiri. Wakivuka mchujo, straika anabaki. Wakitolewa, watamuuza.

Alicheza mechi zote za mchujo na kufunga mabao matatu. Raundi ya mwisho walitolewa kwa jumla ya bao moja, zikiwa zimebaki siku nne dirisha la usajili lifungwe. Asubuhi iliyofuata simu zikaanza. Wakati huo klabu ya pili ilikuwa imeingia kwenye mbio, kwa hiyo bei ikapanda hadi 82: 40 papo hapo, 21 mwaka unaofuata, na 21 mwaka wa tatu. Walikubaliana zikiwa zimebaki siku mbili.

Mbadala wa kwanza kwenye orodha alikuwa akipatikana kwa 22 mwezi Julai. Sasa klabu yake ilijua nani amevuna nini, ikataka 34, na theluthi mbili zilipwe hapo hapo. Walimwacha, wakamchukua wa pili kwenye orodha kwa 26, nusu yake ikilipwa mara moja, na mshambuliaji mwingine wa mkopo kwa ada ya 2. Karatasi za mkopo zilipita dirisha likiwa linafungwa.

Nani alitaka nini

Kocha alitaka abaki. Hoja yake haikuhusu mabao pekee, na ningeomba msomaji aikumbuke hadi tutakapofika kwenye uchambuzi: alisema mfumo wake wote wa kushambulia unamtegemea mtu anayeweza kupokea mpira akiwa amempa beki mgongo na kuutuliza hadi mawinga wafike. Kumbukumbu za kikao zinamnukuu kwa mstari mmoja tu. Ajenda nyingine, ya bei ya tiketi, ilipewa ukurasa.

Mkurugenzi wa ufundi alitaka auzwe Julai kwa 70. Alikuwa na orodha ya majina matatu na makubaliano ya mdomo na klabu ya yule wa kwanza. Alieleza hesabu ya mkataba kwa uwazi: straika wa miaka 27 aliyebakiza mwaka mmoja atauzwa kwa kati ya 40 na 45 akiendelea kufunga, na kwa 25 au chini ya hapo akiumia. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akibakiza miezi sita ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine bila hiari ya klabu yake. Baada ya hapo hakuna ada.

Aliongeza hoja ya kisheria ambayo wengi huisahau. Mchezaji aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 ana kipindi cha ulinzi wa mkataba cha misimu mitatu au miaka mitatu, na kuongeza mkataba kunakianzisha upya. Straika huyu alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa kipindi hicho. Baada yake, mchezaji anayevunja mkataba bila sababu halali hudaiwa fidia lakini hafungiwi kama anavyofungiwa akivunja ndani ya ulinzi. Beki Andy Webster alipoondoka Hearts ya Scotland kwenda Wigan ya England mwaka 2006, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mwaka 2008 iliweka fidia yake kuwa pauni 150,000 tu. Kesi zilizofuata zilipandisha fidia sana, na ni wachezaji wachache wanaothubutu, lakini mwenye mali hapaswi kujifanya hajui mlango huo upo.

Mkuu wa fedha alitaka wasubiri. Wacheza kamari walikuwa wakiipa klabu nafasi kama nusu kwa nusu ya kuvuka, na 30 za hatua ya makundi zilikuwa mara mbili ya nakisi ya mwaka.

Mwenyekiti naye alitaka wasubiri, kwa sababu ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua: Julai ndio mwezi wa kuuza tiketi za msimu. Simlaumu. Kumuuza mfungaji bora wiki ambayo unawaomba watu walipie viti vyao kunahitaji roho ngumu. Lakini sababu hiyo ingewekwa mezani waziwazi, ingewezekana kuipima. Tiketi za msimu zote zilikuwa na thamani ya 14, na hata kama mmoja kati ya kumi angesusa, hasara ingekuwa 1.4.

Matokeo

Msimu uliofuata timu ilimaliza ya kumi kwa pointi 51. Mabao ya kufunga yalishuka kutoka 52 hadi 43. Ya kufungwa yalipungua kutoka 47 hadi 45. Mshambuliaji mpya alifunga tisa, wa mkopo manne. Kocha alibadili mfumo Januari, na nusu ya pili ya msimu ilikuwa afadhali.

Mwaka wa pili, awamu ya 21 ilipoingia, walinunua kiungo na mshambuliaji mwenye nguvu za mwili, wakamaliza wa saba.

Yule straika alifunga mabao kumi katika msimu wake wa kwanza kwenye klabu mpya, kisha akaumia goti Februari. Habari hiyo ilipofika, waliotetea mauzo walishangilia kimoyomoyo. Haikuwahusu. Goti la Februari halikuwepo mezani mwezi Julai, na uamuzi hupimwa kwa yale yaliyokuwa yakijulikana siku unafanywa. Angefunga 25 na kubeba kombe, bado hesabu ya Julai ingebaki ile ile.

Uchambuzi

*Bei ya 82 na pesa ya 24.5*

Magazeti yaliandika ada, na mashabiki wakauliza kwa nini klabu iliyopata 82 imeleta mtu wa 26 na mwingine wa kuazima. Swali zuri, na jibu lake lilikuwa kwenye karatasi.

Awamu ya kwanza ilikuwa 40. Katika uhamisho wa kimataifa, asilimia 5 ya ada hukatwa kama mchango wa mshikamano na kugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Siku hizi malipo hayo hupitia FIFA Clearing House, chombo kilichoanza kazi Novemba 2022. Kwa awamu hiyo ni 2. (Klabu yenyewe ilirudishiwa kiasi kidogo, kama 0.4 kwa ada nzima, kwa kuwa alikuwa nayo msimu alipotimiza miaka 23.) Kisha kile kifungu cha asilimia 15 kikaamka. Faida ilikuwa 70, mgao ni 10.5, na kwa kuwa kilisema mkupuo mmoja, zote zilitoka ndani ya mwezi ingawa klabu yenyewe ilikuwa imelipwa chini ya nusu. Dalali aliyepewa kazi ya kuleta wanunuzi alichukua 3.

Zikabaki 24.5. Ukitoa 13 za mshambuliaji mpya na 2 za mkopo, zinabaki 9.5, na nakisi iliyobaki baada ya mchango wa mmiliki ilikuwa 10.

Vitabuni hadithi ilikuwa tofauti kabisa. Ukichukua 82, ukatoa 4.1 za mshikamano, 10.5 za mgao, 3 za dalali na 3 za thamani iliyobaki, faida ya mwaka ni 61.4. Bodi iliona 61.4 kwenye ripoti na kudhani ina nguvu ya kununua. Mkurugenzi wa ufundi aliambiwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho kwamba hana zaidi ya 15 za kulipa papo hapo.

Yote haya yangeweza kupunguzwa. Zile awamu mbili za 21 zingeweza kuuzwa benki kwa punguzo ili pesa ipatikane mapema. Klabu nyingi hufanya hivyo, lakini kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Na kifungu cha mgao kilitakiwa kisomeke tangu siku ya kwanza kwamba kila mgao utalipwa kadiri awamu zinavyopokelewa. Ni maneno manne au matano kwenye mkataba. Yaligharimu nafasi ya kumpata chaguo la kwanza.

*Mabao 21 yalikuwa na thamani gani?*

Mtu akifunga 21, watu husema lazima mtafute 21 nyingine. Si kweli.

Toa kwanza penalti tano. Penalti huingia takriban tatu kati ya nne au zaidi kidogo, na mpigaji yeyote mzuri kikosini angefunga karibu zile zile. Msimu uliofuata wengine walifunga nne. Zinabaki 16. Takwimu za mabao tarajiwa, yaani hesabu ya ubora wa nafasi alizopata, zilionyesha kwamba nafasi hizo zilistahili mabao 12.4. Msimu uliotangulia alifunga kumi pasipo penalti kutoka nafasi za 10.9. Huyu hakuwa mmaliziaji wa miujiza. Alikuwa straika mzuri wa mabao kumi hadi kumi na mbili aliyekuwa na mwaka ambao kila mpira unagonga mwamba na kuingia. Mnunuzi alilipia mabao 16. Muuzaji alikuwa akikabidhi mabao 12. Ukiona pengo la namna hiyo kati ya bei na mali, unauza.

Mkurugenzi wa ufundi aliyaona haya na aliyasema. Hapo ndipo klabu ilipopatia kuliko mahali pengine popote.

*Mahali mabao yalipopotelea*

Sasa rudi kwenye hoja ya kocha. Mabao yalipungua kwa tisa. Washambuliaji wa kati, pasipo penalti, walitoka 16 wakaja 13, yaani wamepungua matatu. Penalti zilipungua moja. Mabeki na viungo waliongeza mawili. Mawinga wawili, ambao hawakuuzwa wala hawakuumia, walitoka 15 wakaanguka hadi manane.

Saba kati ya tisa yalipotelea kwa watu waliobaki.

Nimeangalia mabao ya mawinga ya msimu wa kwanza mmoja mmoja. Karibu nusu yalianza na mpira mrefu uliotulizwa kifuani na straika, beki wa kati akiwa amevutwa naye, kisha pasi fupi pembeni na winga anaingia ndani nafasi ikiwa wazi. Mara nyingi straika hakuwa hata mtoaji wa pasi ya mwisho, kwa hiyo takwimu za kawaida hazikumpa chochote. Chaguo la kwanza kwenye orodha alikuwa mtu wa aina hiyo. Chaguo la pili alikuwa mkimbiaji wa kupasua nyuma ya mabeki: mzuri, mwepesi, tisa zake zilikuwa halali, lakini mpira ukipigwa juu ulirudi. Mawinga wakawa wanapokea wakiwa kwenye mstari wa pembeni, mabeki wawili mbele yao.

Orodha ya mbadala ilipangwa kwa kigezo cha mabao. Ndiyo maana mtu wa pili alionekana yuko karibu sana na wa kwanza. Ingepangwa kwa kazi anayofanya mtu uwanjani, wa pili asingekuwa hata kwenye orodha.

Wanaopenda mifano ya klabu kubwa huwa na miwili mfukoni, kila mmoja kwa upande wake. Liverpool walimuuza Luis Suárez kwa Barcelona mwaka 2014 baada ya msimu wa mabao 101 ya ligi, 31 yakiwa yake, na msimu uliofuata wakafunga 52 na kuanguka kutoka nafasi ya pili hadi ya sita. Tottenham walimuuza Harry Kane kwa Bayern Agosti 2023, mtu aliyetoka kufunga 30 kati ya mabao yao 70 ya ligi, na msimu uliofuata wakafunga 74 na kupanda kutoka ya nane hadi ya tano. Nani yuko sahihi? Wote wawili walipoteza mfungaji, lakini Liverpool walimpoteza pia Daniel Sturridge kwa majeraha sehemu kubwa ya msimu, na Mario Balotelli waliyemleta alifunga bao moja la ligi. Tottenham waliingia msimu wakiwa na kocha mpya na namna mpya ya kushambulia ambayo haikuhitaji mtu wa kurudi katikati kuchukua mpira. Idadi ya mabao ya aliyeondoka haikutabiri chochote katika visa hivyo viwili. Kilichoamua ni kama kazi yake ilipata mtu, au mfumo ulibadilishwa isihitajike. Klabu ya kisa chetu haikufanya lolote kati ya hayo hadi Januari.

*Na kama wangemng'ang'ania?*

Mfano unaotajwa sana ni Borussia Dortmund. Mwaka 2013 walikataa kumuuza Robert Lewandowski, akamaliza mkataba wake na kuondoka bure kwenda Bayern mwaka 2014. Msimu huo wa mwisho alikuwa mfungaji bora wa Bundesliga kwa mabao 20, timu ikamaliza ya pili na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Waliamua kulipia msimu mmoja kwa ada nzima ya mchezaji, na wangeweza, kwa sababu kucheza Ligi ya Mabingwa kulikuwa na mapato ya kufidia.

Klabu yetu haikuwa na mapato hayo. Kumbakiza kungeokoa, kwa makadirio ya ukarimu, pointi tano hadi saba. Katika ligi kubwa wachambuzi wengi huhesabu kila bao la tofauti kuwa takriban theluthi mbili ya pointi. Hiyo ni nafasi mbili au tatu kwenye msimamo, na kila nafasi ilikuwa na thamani ya 1.5 kwenye zawadi za ligi. Tuseme 5 kwa jumla. Upande wa pili, ada ingeshuka kutoka 70 hadi 40 na kitu. Hata ukiongeza furaha ya mashabiki kwa bei yoyote utakayo, pengo halizibiki.

*Kusubiri mchujo*

Hapa ndipo bodi na mimi tunapoachana njia.

Kwa juu juu, kusubiri kulilipa. Bei ilipanda kutoka 70 hadi 82. Lakini 12 hizo, ukitoa mgao na mshikamano, ni 9.6, na mbadala wa kwanza alipanda kwa 12 katika muda huo huo. Faida ya kusubiri iliishia kwenye mfuko wa klabu nyingine, au ingeishia huko kama wangekuwa na pesa ya kumlipia.

Jambo baya zaidi ni kwamba hata wangeshinda ile kamari wasingepata kitu. Wakivuka, wanapata 30 na kumbakiza straika, ambaye Juni inayofuata anakuwa ameshuka thamani kwa karibu 30. Walikuwa wamejiwekea dau ambalo likishinda linarudisha pesa yako, na likipotea linakuachia siku nne.

Na walikuwa na njia ya tatu ambayo mkurugenzi wa ufundi aliitaja kwa kupita, bila kuisukuma: kulipa kiasi kidogo Julai, labda 2, ili kushikilia haki ya kumchukua chaguo la kwanza kwa 22 hadi mwisho wa Agosti. Makubaliano kama hayo yapo, ingawa klabu inayouza huyapenda tu ikiwa nayo ina muda wa kutafuta mtu wake. Mwezi Julai ilikuwa nao.

Hata ile ofa ya Oktoba ya wakala inastahili kuangaliwa upya. Kifungu cha 60 kilikataliwa kwa sababu ya namba, na kweli 82 ni zaidi ya 60. Ila kifungu cha namna hiyo kwa kawaida kinaweza kuwekewa tarehe ya mwisho, mathalani katikati ya Julai. Klabu ingejibu kwa 75 na tarehe. Ingejua kabla ya kambi ya maandalizi kama ina straika au haina, na wiki sita za kununua. Kwa jinsi msimu ulivyokwenda, wiki hizo sita zilikuwa na thamani kuliko 7 zilizozidi.

*Ubishi uliobaki*

Klabu imebadili mambo kadhaa tangu wakati huo. Kila Oktoba bodi hupitia mikataba yote iliyobakiza chini ya miezi 30, na kila mchezaji wa kikosi cha kwanza ana orodha ya mbadala iliyoandikwa na kocha na maskauti kwa pamoja, ikianza na kazi yake uwanjani.

Mkuu wa fedha hajakubali kwamba kusubiri kulikuwa kosa. Anasema hesabu yangu inamshusha straika thamani kana kwamba angekaa benchi, wakati mechi sita za makundi mbele ya maskauti wa bara zima zingeweza kumfanya wakala akubali mkataba mpya, au zingeleta mnunuzi Januari akiwa bado na miezi 18. Hoja ya Januari ina uzito, na sikuiweka kwenye hesabu yangu kwa sababu haikuzungumzwa kwenye kikao chochote cha Julai. Hii ya mkataba mpya siikubali. Wakala alikuwa ameshakataa kuongea Februari, mchezaji alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa kocha, na ofa ya 10 ilikuwa bado iko kwenye barua pepe bila jibu la ndiyo wala la hapana.